Chumba Juu ya Kijito

Saa kumi na mbili na nusu asubuhi, kigoda cha Bibi Mshonaji kilikuwa kinaelea kwenye kijito. Kipimo alikiona alipotoka uani na ufagio, kama alivyotoka kila siku kabla ya shule. Mvua ilikuwa imekatika alfajiri. Alitazama ng'ambo kilikotoka kigoda, na ufagio ukamdondoka. Pembe moja ya nyumba ya Bibi haikuwepo. Kupitia uwazi ule alikiona kitanda, kioo cha ukutani, na Bibi mwenyewe amesimama katikati ya chumba, viatu mkononi.

"Baba," aliita. Akaita tena.

Baba yake alikuwa fundi mwashi. Msichana huyu wa miaka kumi na miwili aliitwa Kipimo kwa sababu tangu utotoni ndiye aliyemshikia baba ncha ya tepe ya kupimia. Fundi alitoka na mswaki mdomoni, akatazama ng'ambo. Alivuka kwa daraja la juu, mswaki ungali mdomoni, mkewe na Kipimo nyuma yake.

Bibi alikuwa mzima. Iliyoanguka ni cherehani. Waliikuta imelala ubavu kwenye matope, sindano bado imechoma kitambaa cha bluu. Mama alikichomoa kitambaa, akakikunjua. Kilikuwa pazia la dirisha la Kipimo, limebakiza upindo mmoja.

Dirisha hilo lilikuwa la chumba kipya. Katika mtaa wao, kila kiangazi watu wa kandokando ya kijito walimwaga kifusi ukingoni, wakakishindilia, kisha wakasogeza ukuta mbele. Waliita "kuongeza uwanja". Hakuna aliyeomba ruhusa, maana kijito hakina wa kukisemea. Fundi alikuwa amesogeza kuliko wote, na juu ya kifusi chake akajenga chumba cha kwanza ambacho Kipimo angelala bila kubanana na wadogo zake.

"Mvua ya jana haikuwa ya kawaida," Fundi alisema waliporudi uani. "Ungekuwa hata ukuta wa chuma, ungekwenda."

"Mbona wetu haukwenda, Baba?"

"Kwa sababu nimejenga mimi."

Mama aliguna. Kipimo aliokota kipande cha ubao, akakitupa majini upande wa juu. Kilielea katikati mpaka kwenye ukuta wao, kikagonga, kikageuka, kikaenda moja kwa moja kwenye pengo la nyumba ya Bibi.

"Umetupa vibaya. Lete kingine," Fundi alisema. Akakitupa mwenyewe, karibu kabisa na ukingo wao. Kiligonga ukuta, kikavuka ng'ambo. Alitupa kingine tena, akakifuata kwa macho hadi kilipoingia pengoni. Ndipo alipoutoa mswaki mdomoni.

"Shika tepe," alisema.

Walianza darajani, mahali ambapo hakuna aliyejenga. Tepe ilikwisha kabla ya kufika ukingo wa pili. Kisha walipima kati ya ukuta wao na nyumba ya Bibi. Tepe haikufunguka hata nusu. Fundi alisoma namba, akaisoma upya, akaketi juu ya rundo la matofali.

"Nyumba ya mama wa watu nimeibomoa mimi," alisema polepole.

Bibi alikuwa amesimama ng'ambo akiwasikiliza. "Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta," alisema. "Wewe, Fundi, umejenga ukuta, ufa ukaja kwangu."

Fundi akamgeukia mkewe. "Lakini wote wanasogeza. Nikibomoa peke yangu, wa huko juu watanicheka."

"Wa huko juu shauri yao," Kipimo alisema. "Huu ukuta ni wetu."

"Na chumba ni chako," mama alisema. "Umesahau?"

Hakuwa amesahau. Alilitazama dirisha lisilo na pazia mpaka macho yakamuuma. "Nitalala nilipokuwa nalala. Ila huyo mdogo aache kunipiga mateke."

Bibi hakucheka. "Sikilizeni," alisema. "Kila mmoja wetu anapenda kiwanja kipana. Lakini maji nayo yana njia yao, na ukiyanyang'anya yataitafuta kwa jirani. Tumekaa miaka tukisubiri mtaa mzima ubadilike, na mtaa ndio sisi. Anayetaka unyooke, aanzie uani kwake. Mtoto ameshaanza."

Fundi aliingia ndani, akatoka na nyundo kubwa. Pigo la kwanza lilitua kwenye ukuta wa chumba kipya asubuhi ileile. Jirani wa juu alisimama mlangoni kwake, mikono kiunoni. "Fundi, leo unajenga kinyumenyume?" aliuliza, akacheka peke yake.

Matofali ya chumba cha Kipimo ndiyo yaliyojenga pembe mpya ya nyumba ya Bibi, safari hii mbali na maji. Kifusi walikizoa kwa toroli mpaka ukingo wa zamani ukaonekana.

Mvua kubwa iliponyesha tena, Kipimo alitoka asubuhi na kipande cha ubao, akakitupa. Kilipita katikati, hakikugusa upande wowote.

Mchana, jirani wa juu alibisha hodi. Aliuliza kama ile nyundo ina kazi. Fundi akampa.