Magauni Matatu Vitini

Kila asubuhi Chiriku alimsaidia mama yake, fundi cherehani, kufagia vipande vya vitambaa. Siku hiyo alifagia chapuchapu akatoka mbio. Yeye na rafiki zake watatu walikuwa wanakwenda kuimba kwenye tamasha la mkoa, na tiketi zote pamoja na magauni ya kuimbia alikuwa navyo yeye.

Walikubaliana kukutana kwenye geti la kituo cha mabasi. Lakini watu wa likizo walifurika, naye alitaka kiti cha dirishani, basi hakusubiri. Alijipenyeza, akaingia basini, akatandaza magauni ya wenzake kwenye viti vitatu.

"Kiti kisicho na mtu nampa anayesubiri," kondakta alisema. "Wenzako wako wapi?"

"Wamo, wanapanga mizigo huko nyuma," alijibu bila kupepesa macho.

Kondakta alizichana tiketi zote nne. Basi likaondoka.

Walipopita getini, Chiriku aliwaona wenzake wakiangaza macho huku na huku wakimtafuta. Alitaka kupiga kelele, ila angesemaje, na ameshasema wamo? Basi likawaacha nyuma. Abiria walicheka na jamaa zao, wakagawana karanga. Yeye, ambaye walimu wote walishindwa kumnyamazisha kwa soga, hakuwa na wa kusema naye. Alijiona mpweke kuliko siku zote za maisha yake, na dirisha lenyewe hakulitazama.

Mwishowe alimwendea kondakta huku machozi yakimlengalenga. "Kaka, nilikudanganya. Wenzangu nimewaacha kituoni."

"Loo! Ndiyo unasema sasa?" Kondakta alipiga simu. Ikakubaliwa wenzake Chiriku wapakiwe basi linalofuata, wakiwa wamesimama. Chiriku akateremshwa kituo kidogo cha njiani, awasubiri kwa mama mkata tiketi.

Alikaa kwenye benchi amekumbatia magauni. Kila basi lilipopita bila kusimama, aliinuka, akakaa tena.

Hatimaye moja lilisimama. Rafiki yake wa karibu alichungulia mlangoni, macho mekundu.

"Tulidhani umetukimbia!"

"Nisameheni. Nilidanganya kwamba mmo."

Rafiki yake alinuna kidogo, kisha akamnyooshea mkono. "Haya, njoo. Tutawahi."

Mkata tiketi alimshika bega. "Mwanangu, siku nyingine ukikwama, sema umekwama. Watu watakusaidia. Ukishadanganya, unakaa katikati ya watu kibao na huna hata mmoja wa kumwomba msaada."

"Nimeelewa, mama," Chiriku alisema, akapanda kusimama na wenzake.