Shikamoo Iliyotumwa na Kompyuta

Wana Lukozi wenzangu, mnanijua. Mimi Zuhura sifichi neno, na hili nalisema nikiwa na sehemu yangu ya lawama. Mtaiona mbele.

Asubuhi zetu mnazijua. Ukungu umelala juu ya karoti, magari ya mboga yanaunguruma barabarani, na jirani yangu mzee Athumani kakaa barazani, blanketi begani, simu mkononi. Mkewe alishafariki. Mtoto wake pekee, Amiri, anaishi Lushoto mjini. Saa kumi na mbili kamili unaingia ujumbe: "Shikamoo baba. Umeamkaje?" Mzee anatabasamu, anabonyeza pa kurekodi sauti, anajibu: "Marahaba mwanangu, nimeamka salama." Kisha anaendelea, mara Kiswahili mara Kishambaa, habari za mvua, za mbuzi aliyezaa, za goti linalomsumbua. Dakika tano, siku nyingine kumi. Akimaliza ananiita kutoka ng'ambo ya ua.

"Zuhura, mwanangu hajaruka hata siku moja."

Nami namwambia ana bahati.

Bahati gani, jamani? Shikamoo ile ilikuwa inatumwa na kompyuta.

Amiri ni fundi wa programu. Anafanya kazi chumbani peke yake, na wenzake anawasikia kwenye simu tu. Walikuwa wanatengeneza programu ya kutafuta mafaili, zile za dirisha jeusi ambamo unaandika amri kwa maneno nayo inakujibu faili liko wapi. Yeye ndiye aliyeandika majaribio yake, yaani programu ndogondogo zinazoipima ile kubwa zenyewe kila inapobadilishwa. Jaribio likifaulu, kijani. Likishindwa, nyekundu. Alikuwa nayo mia mbili, yote kijani, na alijisikia kweli.

Basi akaona ile programu aitumie kwa baba yake. Akapanga kompyuta itume shikamoo kila asubuhi, majibu ya mzee yajihifadhi kwenye folda aliyoiita BABA, na saa mbili ile programu itafute humo faili la leo. Likiwemo, alama ya kijani. Lisipokuwemo, nyekundu, naye atapiga simu. Hizo sauti zenyewe alisema atazisikiliza akipata nafasi.

Mwenzake wa kazi, binti wa Muheza aitwaye Yunis, alimpigia.

"Kaka Amiri, majaribio yako yote yanaweka faili la leo kwenye folda, halafu yanauliza kama limepatikana. Na lisipokuwepo?"

"Programu itasema halipo."

"Umejaribu?"

"Hilo dogo, dada. Nitaliandika wiki ijayo."

Hakuliandika. Baba yake alikuwa hajakosa kujibu hata mara moja, sasa ahangaike na nini? Kosa lake ndilo hilo. Alipima kama programu inajua kupata, hakupima kama inajua kusema imekosa.

Jumatatu moja ya Julai, katika baridi yetu hii, mzee alianguka jikoni kwa kiharusi. Simu alikuwa ameiacha barazani. Shikamoo ikaingia, haikuitikiwa. Saa mbili kule mjini programu ikatafuta faili la leo, ikalikosa, ikaokota lililokuwa jipya kuliko yote, la Jumapili, ikasema limepatikana. Kijani. Jumanne, tena kijani, kwa faili lile lile.

Na mimi je? Jumatatu niliona jiko lake halitoi moshi. Nikasema kaenda kwa mwanawe. Mtu anayeamkiwa kila siku, nimhofie nini? Nikaenda shamba. Jumanne pia nikaenda shamba.

Jumatano alfajiri nilifuata jembe langu alilokuwa ameliazima kwangu. Simu ilikuwa juu ya mkeka, imelowa umande. Ikalia mbele ya macho yangu: "Shikamoo baba. Umeamkaje?" Mlango wa jiko ulikuwa umeegeshwa. Nilimkuta kalala ubavu, mdomo umekwenda upande, macho yananitazama. Nililia kwa uchungu na kwa aibu. Kisha nikampigia Amiri kwa simu ile ile.

"Amiri, baba yako yuko sakafuni."

"Shangazi, haiwezekani. Jana alinijibu. Naona kijani hapa."

"Kijani gani, mwanangu? Njoo."

Alikuja na bodaboda, kanzu ya kulalia ndani ya koti. Hospitalini walimwokoa uhai, tunashukuru, ila sauti haikurudi. Akiwa kwenye benchi la wodini Amiri akafungua kompyuta, akaandika lile jaribio aliloambiwa na Yunis. Lilimchukua dakika nne. Likatoka jekundu mara ya kwanza tu.

Kisha akafungua folda ya BABA. Humo kulikuwa na sauti zaidi ya mia tatu, na alikuwa hajasikiliza hata moja. Akaanza na ile ya Jumapili, nami nimekaa kando yake.

"Marahaba mwanangu. Mkono wa kulia leo umekufa ganzi, na kichwa kinauma. Ukipata nafasi nipigie. Si kwa ajili ya mkono. Siku hizi unaniamkia kwa maneno yale yale, nami nina hamu ya kukusikia tu ukiongea."

Amiri amehamia hapa sasa. Kila siku saa kumi na mbili anachuchumaa mbele ya kiti cha baba yake, anasema shikamoo kwa mdomo wake mwenyewe, na anasubiri. Mzee anainua mkono wa kushoto kidogo. Mimi huku ng'ambo ya ua najikuta bado natega sikio.

FUNZO

Ndugu zangu, mashine msizikatae, ila mzipime kwa siku mbaya pia, siku ambayo kitu hakipo. Na mzazi hatoshelezwi na alama ya kuonyesha kwamba yu hai. Shikamoo ni ya kusubiri marahaba, na marahaba ni ya kusikilizwa. Nanyi majirani wenzangu, jiko lisipotoa moshi, vukeni ua siku hiyo hiyo. Kutoka ua wangu hadi wa mzee Athumani ni hatua kumi na moja. Nimezihesabu baadaye.