Ujumbe wa Babu kwa Mzee Sefania

Kila asubuhi kabla ya kwenda shule, Rahma alimpelekea babu yake chai ya tangawizi kitandani.

"Shikamoo, babu."

"Marahaba, wakili wangu."

Mzee Nasoro Bafadhili alikuwa Mwarabu wa Soni, mtoto wa mwenye duka, aliyekua akizungumza Kishambaa na wenzake. Alisomea sheria ng'ambo, akarudi kuwatetea wakulima mahakamani, kisha akawa mbunge na hatimaye waziri. Shuleni Rahma alitamba, "Babu yangu hajawahi kukosea!"

Siku moja babu, pumzi zikimpungua, alimshika mkono.

"Nenda sokoni, mwambie Sefania, yule muuza kabichi, aje. Nilipokuwa wakili niliwatetea watu wake wasiondolewe kwenye mashamba yao kule Shume. Nilipopata uwaziri, nikatia saini waondolewe. Niliogopa kupoteza cheo. Nataka nimwombe radhi kwa mdomo wangu."

Rahma alimkuta Mzee Sefania akipanga kabichi, huku muuza karoti akimtania.

"We Sefania, waziri wako anaumwa! Humpelekei hata kabichi?"

"Nimpelekee za shamba gani? Lile alilonifukuza?"

Watu wakaangua kicheko. Rahma aliona aibu. Huyu akija nyumbani, mtaa mzima utajua! Akarudi kimya kimya.

"Hajaja sokoni leo, babu."

"Basi tutamngoja."

Alingoja. Kila mlango ulipolia aligeuza uso. Ijumaa asubuhi hakugeuka tena.

Kabla ya kwenda makaburini, Twaha, baba yake Rahma, alisimama mbele ya jeneza kama ilivyo desturi. "Kama yupo aliyekosewa na marehemu, tunamwombea msamaha."

Mzee Sefania akainuka. "Twaha mwanangu, mimi nilikosewa. Miaka yote hii hakuniita hata mara moja. Siwezi kudanganya mbele ya maiti. Sijasamehe."

"Kiburi cha wakubwa hicho," mtu akanong'ona.

Rahma alikuwa mlangoni na wanawake. Shangazi alimshika khanga, lakini yeye akajichomoa, akasimama mbele ya wanaume wote.

"Alikuita! Alinituma mimi! Alisema alikosa, anataka akuombe radhi kwa mdomo wake. Nikamdanganya kwamba hukuja sokoni. Niliona aibu!"

Mzee Sefania alivua kofia, akaliendea jeneza taratibu.

"Nasoro, nimekusamehe. Unasikia?" Machozi yakamtiririka. "Mtoto wewe, ungeniambia, ningeziacha kabichi pale pale nikaja mbio."

"Nisamehe, babu," Rahma alimlilia Mzee Sefania.

"Nimekusamehe. Ila sikiliza. Ulidhani unalinda jina lake, kumbe jina lake lilikuwa karibu kuzikwa na kiburi ambacho hakuwa nacho. Kukubali kosa ndilo jambo la kishujaa alilobakiza, nawe ukamnyima. Ukimpenda mtu, usimfunike kwa uongo. Na ukitumwa neno, lifikishe wakati aliyekutuma bado ana masikio ya kusikia jibu."

Kisha akatia bega lake chini ya jeneza, na wanaume wakaondoka naye.