Jumamosi ya Abner

Siku ya soko pale Daraja Mbili haimtaki mtu mwenye haraka, na Bochaberi alikuwa na haraka. Mvua ya mchana ilikuwa imenyesha ikakatika, njia baina ya vibanda imekuwa uji mtupu, na yeye alikuwa na gauni la manjano na viatu vya kisigino kirefu, maana alitoka mkutanoni chuoni. Kisigino kimoja kikazama topeni. Alipovuta, mguu ulikuja, kiatu kikabaki.

"Wacha kuvuta, utakiua," sauti ikasema nyuma yake. "Kaa hapa, sista."

Kijana mrefu mwenye shati lililokunjwa mpaka viwikoni alimsogezea kigoda kando ya rundo la viatu vya mitumba. Alikichomoa kile kiatu, akakifuta tope kwa kitambaa, akatikisa kichwa.

"Uzito wako wote unakaa kwa hii nafasi kidogo. Lazima kizame. Hiyo ni hesabu, haitaki maombi."

"Hesabu umefundishwa na nani, muuza viatu?"

"Chuo. Kabla sijakufa."

Ndipo alipoiona kadi iliyoning'inia shingoni mwa Bochaberi, akacheka. Bochaberi alikuwa mwanafunzi wa uzamili, na aliongoza kikundi cha kujitolea kilichowatafuta wanafunzi walioanguka mitihani wakapotea, kikawashika mkono mpaka warudi darasani. Wenye ulimi mkali pale chuoni waliwaita Wafufuzi.

"Kumbe ni nyinyi mnafufua watu," alisema. "Mimi mmechelewa, nimeoza. Naitwa Abner. Nilikuwa mwaka wa tatu, takwimu."

"Lazaro alikuwa ananuka na akatoka. Nipe namba yako."

"Unaomba namba ya mwanaume katikati ya soko, watu wote wakiona?"

"Naomba namba ya maiti," Bochaberi akasema, na akavishwa kiatu chake huku amejikaza asicheke.

Kumfufua Abner hakukuwa kazi ya siku moja. Bochaberi alimpeleka kwa mwalimu mmoja baada ya mwingine, akasimama naye milangoni, akaeleza, akabembeleza. Alimtafutia wenzake wa kusoma nao, akamkalia maktabani mchana kutwa mpaka kurasa zikafunguka. Abner hakuwa mjinga hata kidogo. Alichokosa ni uso wa kuingia darasani tena, na uso huo Bochaberi alimrudishia kidogo kidogo, kwa matani na chai ya maziwa ya kibanda cha nje ya geti.

Mapenzi yaliingia bila kubisha hodi. Kila Jumamosi jua likishazama, simu ya Bochaberi ililia.

"Sabato imeisha, Beri. Sasa naweza kusikia maringo yako."

"Na mimi nilikuwa nimesahau kama uko hai."

"Mbona basi ulishika simu kabla haijalia mara ya pili?"

"Nilikuwa naangalia saa."

"Angalia tu, mpenzi. Hiyo saa ndiyo inanijua."

Jioni moja pale kibandani Abner alimweleza jinsi alivyokufa, kama mwenyewe alivyopenda kusema. Katika mwaka wa pili mitihani yake iliwekwa Jumamosi. Alikuwa Msabato tangu tumboni, mwana wa mama mjane wa huko Nyamira ambaye hata majani chai shambani hakuyachuma siku hiyo ya Sabato, hata yakipitiliza kukomaa. Alimwendea mwalimu mmoja kumweleza.

"Akaniuliza kama Mungu ndiye atanisahihishia karatasi. Darasa lote likacheka, Beri. Tangu hapo, mtihani ukiwa Jumamosi nilisema nilikuwa mgonjwa. Nikawa mgonjwa wa kila muhula, mwisho nikatoroka."

Bochaberi alimshika mkono. Yeye alikuwa Mkatoliki wa Marani, na Mungu wa kwao hakuwa na ugomvi na ratiba ya mtu. Alimhurumia Abner kwa moyo wote, lakini hakumwelewa, na ndipo lilipoanzia kosa lake.

Muhula ukafuata muhula, mpaka ukabaki mtihani mmoja tu wa marudio. Akiupita, anahitimu. Asipofika, anafutwa, maana idara ilishasema hiyo ndiyo nafasi ya mwisho. Tena Abner alikuwa ameahidi kwamba akishauandika tu, atampeleka Bochaberi kwa mama yake. Ratiba ikatoka: Jumamosi asubuhi. Abner akapiga simu hapo hapo.

"Siendi, Beri."

"Ng'ombe wenu akianguka shimoni siku ya Sabato, hamumtoi?"

"Sasa mimi ni ng'ombe?"

"Ng'ombe wangu mzuri. Toka shimoni."

Abner hakucheka. "Tafadhali niulizie kwa Dokta Onsongo. Wewe anakusikiza. Mimi nikienda nitarudi na kicheko tu."

"Nitamuuliza," Bochaberi akasema.

Na kweli alienda. Alifika mpaka mlangoni pa Dokta Onsongo, mwenyekiti wa idara, mtu wa sauti nzito na maneno machache. Mlango ulikuwa wazi. Alimsikia akimwambia mwanafunzi mwingine ndani, "Visingizio vyenu nimevichoka." Bochaberi akakumbuka ni mara ngapi alikuwa amekwisha kuja pale kwa ajili ya Abner, akaona kwamba yeye naye atachekwa, ataambiwa kapofushwa na mapenzi, na kikundi chake kitaanza kutiliwa shaka. Akageuka. Alijiambia kwamba jibu analijua, na kuuliza jibu unalolijua ni kujitafutia aibu.

Jioni Abner alimngojea kibandani, hajagusa mandazi yake.

"Amesemaje?"

"Amekataa," Bochaberi akasema, akiitazama chai. "Haiwezekani. Abner, ni asubuhi moja tu. Mungu anaujua moyo wako."

Abner akaisukuma kando sahani ya mandazi. "Kama wewe umeuliza na imeshindikana, basi imeshindikana," alisema. "Nitaandika."

Aliandika. Alikwenda mtihanini na suti yake ya kanisani, ile ya kijivu, kwa sababu mama yake alizoea kupiga simu kila asubuhi ya Sabato kumuuliza kama amekwisha kuvaa ya kanisani, na hakutaka kumdanganya hata kwa hilo. Jua lilipozama hakumpigia Bochaberi. Siku iliyofuata alisema alikuwa amechoka, na Bochaberi akajituliza kwamba yatapita.

Matokeo yalipotoka, Abner alikuwa amepita, tena vizuri. Dokta Onsongo aliwaita wote wawili ofisini, akawapa mikono, akatabasamu, jambo ambalo wengi hawajaliona.

"Wewe kijana ungekuwa mbali sana. Mwaka wa pili ulikuwa unaugua nini?"

"Sikuwa mgonjwa, Dokta," Abner akasema. Sasa hakuwa na cha kuficha. "Mimi ni Msabato. Mitihani iliwekwa Jumamosi. Hata huu."

Dokta Onsongo akavua miwani. "Na mbona hamkuniambia? Wasabato tunao kila mwaka. Tunawakalisha chumbani na mchungaji wa chuo tangu asubuhi, bila simu, wakiimba nyimbo zao. Jua likizama tunawapa karatasi. Ni kuuliza tu." Akamgeukia Bochaberi. "Wewe unapita hapa kila siku. Hukujua?"

Bochaberi akaishika kadi yake shingoni. Abner hakumwangalia. Alimshukuru Dokta kwa adabu, akatoka, na walipofika ngazini akasimama.

"Uliniambia alikataa."

"Nilifika mlangoni, Abner. Niliogopa. Nilidhani..."

"Ningeweza kungoja, Beri. Tangu asubuhi mpaka jioni ningeweza kungoja. Mimi kungoja ndiyo kitu nimefunzwa toka utoto."

"Nilitaka upite."

"Nimepita." Akashuka ngazi taratibu, akishika ukuta.

Miezi ikaenda. Bochaberi alipiga simu ikalia mpaka ikanyamaza, akaandika ujumbe akaufuta, akaandika mwingine. Alijuta kweli kweli, majuto ya kumwamsha mtu kabla ya jogoo. Kikundi kilimsifu, maana Abner ndiye aliyekuwa mfano wao wa kuigwa, na kila sifa ilimchoma. Kisha, karibu na mahafali, simu ikalia.

"Mama anataka uje," Abner akasema. "Amekataa kupiga picha bila wewe."

"Na wewe unataka?"

"Njoo, Beri."

Alikwenda na lile gauni la manjano. Uwanja ulijaa vigelegele, mashada ya maua ya karatasi na akina mama waliofunga vitambaa vipya. Mama yake Abner, mwembamba, mikono migumu ya kuchuma chai, alimkumbatia Bochaberi akakataa kumwachia.

"Mbuya mono, mwanangu," alimshukuru kwa Kikisii. "Mbuya mono. Abner ameniambia yote."

 Bochaberi akamtazama Abner juu ya bega la mama. Amevaa joho, mzuri kuliko siku zote, na macho yake yalikuwa yanasema asiseme.

"Ameniambia ni wewe ulimpigania kwa wakubwa wa chuo," mama akaendelea, akijifuta machozi. "Akakalishwa chumbani mpaka jua likazama, Sabato ya mwanangu haikuguswa. Na wewe si wa kanisa letu hata. Nani angefanya hivyo? Mimi huwa nakuombea kwa jina."

Bochaberi alifungua kinywa. Alitaka kusema kweli, hapo hapo, mbele ya watu wote. Lakini kweli hiyo ingemuumbua Abner, ambaye hajawahi kumdanganya mama yake hata kwa suti, na sasa alikuwa amemdanganya ili yeye Bochaberi apendwe. Akaubana mdomo. Machozi yalimtoka, na mama akayadhania ya furaha.

"Sasa utakuja lini Nyamira? Kuku nimemweka."

Abner akalirekebisha joho lake begani. "Beri ana kazi nyingi, mama. Kuna wanafunzi wengi wanamngoja."

Mama akamgeukia Bochaberi, akingoja asikie kwa kinywa chake mwenyewe.

"Ndiyo, mama," Bochaberi akasema. "Nina kazi nyingi."