Dakika ya Kumi na Tano

SAA TATU ASUBUHI

Ramani ilichorwa kwa chaki sakafuni, katika chumba kisicho na dirisha nyuma ya duka la matairi. Kimya alichuchumaa juu yake akielekeza kwa ncha ya bisibisi. Walimwita Kimya kwa sababu hakuwahi kupaza sauti, hata alipokuwa akimvunja mtu vidole.

"Duka la sonara. Saa saba mlinzi mmoja anakwenda kula, anabaki mzee. Mimi na Bonge tunaingia. Dakika tatu. Dereva hazimi injini."

"Halafu?" aliuliza Bonge, pande la mtu, bunduki fupi magotini.

Bisibisi ikapita juu ya mraba mkubwa wa chaki.

"Hapo si kituo cha polisi?" dereva akauliza.

"Nani atamtafuta mwizi mlangoni pa polisi? Tunapita hapo, tunafika machimbo ya mawe. Gari la pili liko pale. Gari la mikate halisimamishwi na mtu."

Mpango safi. Uliharibiwa na kitu kimoja tu: gari lenyewe lilikuwa linazima.

Lilikuwa mkweche wa kusambazia mikate, injini katikati ya viti vya mbele chini ya boksi la bati. Liliwaka vizuri, likatembea vizuri, na baada ya robo saa likakohoa mara mbili na kunyamaza. Ukilisubiri kidogo, linawaka tena bila haya. Gari la namna hiyo humfanya mtu azungumze peke yake, na Fundi alikuwa chini yake tangu alfajiri akizungumza peke yake.

SAA TATU NA NUSU

Kimya alisimama karibu na miguu ya Fundi.

"Limepona?"

"Bado, mkuu. Nipe mpaka saa sita."

"Utapanda nasi leo. Likizima njiani, sitakuuliza kwa nini."

Akaondoka. Fundi aliendelea kulala pale, spana kifuani. Hakuwa jambazi wa mtutu. Kazi yake ilikuwa kubadilisha namba, kufumua kufuli, kufufua magari yaliyokufa. Alikuwa mwoga na hakuficha.

Ila miaka mitatu nyuma alifanya jambo moja la kijinga kuliko yote. Mume wa mdogo wake alikuwa hana kazi, anajua kuendesha kuliko mtu yeyote, na Fundi akamleta kwa Kimya. Sasa ndiye aliyekuwa dereva wao, na genge zima lilimwita Shemeji, kwa kuwa ndivyo Fundi alivyomwita. Mchuma janga hula na wa kwao. Mdogo wake, aliyemlea mwenyewe baada ya mama yao kufa, alikuwa na mimba ya miezi minane, na alfajiri ile alimwambia neno moja tu mlangoni: "Kaka, unirudishie mume wangu."

SAA TANO KASOROBO

"Tuanze upya," Fundi alimwambia Shemeji. "Gari linataka vitu vitatu. Moto, hewa, mafuta. Kimoja kinakimbia."

"Kama mshahara," Shemeji akasema.

Fundi hakucheka. Alichomoa plagi, akaigusisha kwenye bati, Shemeji akapiga stata. Cheche ya bluu. Moto upo. Chujio la hewa alishalipiga upepo. Alibadilisha koili, chanzo cha cheche hiyo, ingawa ile ya zamani haikuwa na kosa. Alifungua kabureta, akaisafisha, akairudisha. Pampu ya mafuta ilikuwa nzima. Wakaliwasha, wakazunguka nyuma ya maghala, na katika dakika ya kumi na tano likakohoa mara mbili na kuzima.

Fundi aliupiga usukani kwa ngumi. Macho yalimjaa maji.

"Litaniua hili gari, shemeji. Wallahi litaniua."

"Haliui mtu. Labda mafuta yamekwisha, yule Bonge alikuwa anafyonza kila siku kwa ajili ya pikipiki yake. Ndiyo maana nilinunua kifuniko cha tangi chenye ufunguo." Shemeji alishuka akitikisa funguo. "Majambazi gani hawa, wanaibiana petroli."

Aliingiza ufunguo, akazungusha. Tangi likafyonza pumzi ndefu, fyuuu, mfano wa mtu aliyezibwa pua akaachiwa.

Fundi aliruka kutoka kwenye gari. Fundi alimnyang'anya kifuniko, akakigeuza, akakitazama dhidi ya jua. Kisha akakaa chini palepale kwenye vumbi, akaanza kucheka kicheko cha mtu aliyefutiwa hukumu.

"Hakina tundu. Cha zamani kilikuwa na tundu la kupitisha hewa, hiki chako hakina. Pampu inavuta mafuta, hewa haiingii, tangi linajibana mpaka mafuta yanagoma. Ukisubiri, hewa inapenya polepole, linawaka tena. Wiki nzima nafungua injini, kumbe ugonjwa uko nyuma."

"Dawa yake?"

"Tundu la msumari. Basi."

Shemeji alimkumbatia. Walikuwa na furaha kweli, wote wawili, kwa muda wa kama dakika moja.

SAA TANO NA NUSU

Fundi aliingia stoo kutafuta msumari na nyundo. Ukuta wa stoo ulikuwa wa mbao, na upande wa pili ulikuwa chumba cha ramani.

"Dereva anajua machimbo, anajua gari la pili," sauti ya Kimya ilikuwa inasema. "Na mkewe anajifungua karibuni. Mtu wa namna hiyo polisi hawahitaji hata kumpiga ili aseme. Tukifika kule, akizima injini tu, mmalize."

"Na Fundi?" aliuliza Bonge.

"Fundi mwoga. Mwoga hasemi."

Msumari ulikuwa mkononi mwa Fundi. Aliurudisha kwenye kopo, taratibu, usilie. Alisimama gizani akihesabu vidoleni kama mtoto wa darasa la kwanza. Dakika nne kwenda kwa sonara. Tatu za kusubiri, injini ikiwaka. Nane mpaka kituo cha polisi. Jumla kumi na tano. Gari lingezima mlangoni pa polisi.

Jela, basi. Miaka mingi. Lakini mtu aliye jela hupelekewa mtoto amwone.

SAA SITA MCHANA

Alikirudisha kifuniko vilevile, bila tundu, akafunga.

"Limepona," alimwambia Kimya.

Akamtafuta Shemeji. Alimkuta akifuta kioo cha mbele.

"Shemeji, usiendeshe leo. Sema unaumwa."

"Unaota? Kimya ndiye aliyelipa deni langu la mahari. Yule ni baba kwangu."

"Baba yako huyo anataka..."

"Mnanong'ona nini?" Bonge alikuwa nyuma yao, anatafuna njiti. Na tangu hapo hakumwacha Fundi hata alipokwenda kukojoa.

SAA SITA NA DAKIKA HAMSINI NA SITA

Walitoka. Shemeji kwenye usukani, Kimya kando yake, Fundi na Bonge nyuma kwenye kreti tupu za mikate. Fundi alikuwa ameikazia macho saa ya Bonge.

SAA SABA KAMILI

Kimya na Bonge waliingia kwa sonara. Fundi aliinama mbele amwambie Shemeji, mdomo ukafunguka, na palepale mlio wa bunduki ukasikika ndani ya duka. Vioo vikavunjika. Mwanamke akapiga yowe.

"Waliahidi hakuna risasi," Shemeji alisema. Mikono yake ilikuwa imeganda kwenye usukani.

"Watakuua, shemeji. Nimesikia kwa masikio yangu. Kule machimboni."

"Nini?"

Mlango ulifunguliwa. Mfuko ulitua sakafuni kwa kishindo, Bonge juu yake, kola imelowa damu ya mtu mwingine.

"Endesha," alisema Kimya.

SAA SABA NA DAKIKA KUMI

Soko lilipita. Shule ilipita. Gari liliunguruma bila kikohozi. Mbele, bendera ya kituo cha polisi, na askari wawili kivulini wakizungumza na muuza maji.

Zima, Fundi aliomba. Zima sasa, nakusihi.

SAA SABA NA DAKIKA KUMI NA MOJA

Walipita lango. Askari mmoja aliinua macho, akaona mikate iliyochorwa ubavuni, akayashusha. Gari liliendelea.

Shemeji alimtazama Fundi kwenye kioo. Uso ulikuwa umesawijika, lakini alijaribu kutabasamu.

"Nilikagua kabla hatujatoka, shemeji. Ulikisahau kile kifuniko. Nikakitoboa mwenyewe, lisije likakuua."

Fundi alitaka kulia na hapakuwa na nafasi ya kulia. Yule mjinga, yule mtu mwema, alikuwa amemwokoa.

"Ongeza mwendo," alisema Kimya. "Machimboni."

Mbele kulikuwa na foleni, mkokoteni umekwama. Shemeji alipunguza. Fundi, mwoga asiyesema, alijirusha kati ya viti, akang'oa boksi la bati, akaingiza mkono kwenye injini ya moto. Ngozi iliungua, aliisikia. Akaushika waya mnene wa koili na kuung'oa.

Gari likafa.

Kimya hakuuliza kwa nini. Alichomoa bastola, akampiga risasi moja ya tumbo, na Fundi akaangukia nyuma kwenye kreti.

SAA SABA NA DAKIKA KUMI NA TATU

Mtaa mzima uliusikia mlio. Watu walilala chini. Mita mia mbili nyuma, askari walikuwa tayari wanakimbia. Kimya aliwatazama, akautazama mfuko, akachagua mfuko. Yeye na Bonge walipotelea kwenye uchochoro, na risasi mbili zikalia huko.

Shemeji hakukimbia. Alikuwa anapiga stata, anapiga, anapiga.

"Waka. Waka, nakupeleka hospitali. Waka."

"Acha."

"Siendi kumwambia mke wangu nimekuacha barabarani. Liwake hili shetani."

Fundi alifungua kiganja. Waya ulikuwa ndani, mweusi, umeshikamana na ngozi. Shemeji aliutazama. Akauacha ufunguo wa gari.

"Ni wewe," alisema.

"Ni mimi. Hata kifuniko, nilikiacha makusudi." Damu ilikuwa inamjaa mdomoni. "Weka mikono juu ya usukani. Waione. Usiguse kitu. Usiinuke."

"Shemeji..."

"Mikono."

Shemeji aliweka mikono juu ya usukani. Buti zilizunguka gari. Mtutu uliingia dirishani, kisha wa pili, na sauti zikapiga kelele kila mtu atulie. Alitulia. Hakuna aliyefyatua.

Askari walimtoa kwa kola, wakamlaza kifudifudi kwenye lami, wakamfunga pingu. Alikuwa analia kwa sauti, anamwita Fundi, anapumua. Fundi alilala kwenye kreti akimsikiliza, akifurahi kupita alivyowahi kufurahi, mpaka hakumsikia tena.