Kilo Moja ya Kila Jumamosi

"Paskalina, hiyo sukari anayokuletea bwana Filbert kila Jumamosi, umeshamuuliza anaitoa nyumba gani?"

Aliyeniuliza ni jirani yangu Ranjanben, mama yake Hemlata, amesimama kwenye ngazi na ndoo ya maji. Ilikuwa mwaka themanini na tatu, sukari inagawiwa kwa daftari la balozi wa nyumba kumi. Mimi nilipanga chumba cha chini, Mtaa wa Mchikichi, Kariakoo, mjane wa marehemu Pius, nakaanga vitumbua mlangoni. Yeye alikaa juu. Nyumba ile aliijenga baba mkwe wake, lakini ilipotaifishwa akawa mpangaji kama mimi.

Nilimjibu vibaya, Mungu anisamehe.

"Mama Hemlata, sukari ya kuulizwa ni ile inayofichwa chini ya vitanda vya wenye maduka. Ya Filbert ni posho ya kazini kwake, karakana ya mabasi."

"Haya. Lakini mtu mmoja daftarini hapati hata nusu kilo. Na karakana ile haigawi sukari. Mume wangu anajua."

"Mume wako na karakana wapi na wapi?"

"Amewauzia nati miaka ishirini."

Akapanda na ndoo yake. Mimi nikabaki nasonya. Nikasema moyoni, huyu ana wivu tu.

Filbert Komba alikuwa mchumba wangu. Alinikuta miaka minne sijaongea na mwanaume zaidi ya salamu. Kwaya ya parokia yetu ilikuwa haina besi mpaka alipokuja yeye. Alisema amepanga Magomeni, hana mke, hajawahi kuoa, na cheti chake cha ubatizo kilipotoka Songea kilikuwa safi, hakuna ndoa iliyoandikwa. Padri akaitangaza ndoa yetu Jumapili ya kwanza kati ya tatu, mwenye pingamizi aseme. Akatutangaza ya pili. Ikabaki moja.

Alhamisi balozi wetu, Mzee Zahoro, akasimama mlangoni kwangu.

"Bi Paskalina, harusi hiyo inakuja na mimi daftarini sina mtu. Barua ya balozi wake wa Magomeni iko wapi?"

"Anasema ataileta, mzee."

"Anasema tangu mwezi wa tatu. Bila barua simwandiki. Na nisipomwandika, siku ya msako watamkuta kwako mgeni asiyejulikana. Watamsomba kama mzururaji mwingine yeyote, ukampikie huko kijijini watakakompeleka."

Maneno yale yalinitia hofu. Wakati ule watu walikuwa wanapakiwa kwenye malori kweupe. Ijumaa Filbert alikuwa Morogoro, wametumwa kuvuta basi lililoharibika. Nikasema nimtendee wema, nimfuatie ile barua mwenyewe. Nikajitanda khanga safi, nikaenda kwa miguu hadi Magomeni, naulizia nyumba ya balozi Awadhi, jina alilowahi kunitajia Filbert mwenyewe.

Nilikuta foleni barazani kwake. Mizani mezani, daftari pembeni, yeye anaita majina.

"Filbert Komba! Watu watano, kilo mbili!"

Nilishtuka. Watu watano? Nikajipa moyo, labda kaandikwa na wapangaji wenzake. Akatoka mama mmoja na kikapu, mtoto kiunoni.

"Bwana Awadhi, umekosea. Sisi ni kilo moja."

"Nimekosea nini, mama? Kilo mbili, tangu Januari. Mumeo mwenyewe anakuja kila Ijumaa anaweka sahihi. Tazama."

Yule mama akainama juu ya daftari. Akaweka kidole kwenye sahihi moja, akakishusha kwenye nyingine, na nyingine.

"Baba Josepha aliniambia Serikali imepunguza," alisema polepole. "Ikifika Jumatano watoto wanakunywa uji wa chumvi."

Nyuma kwenye foleni wakaanza.

"Mama, kama zimekuzidi tuachie sisi!"

"Hiyo kilo nyingine ina nyumba yake, dada! Itafute!"

Wakacheka.

"Na wewe dada, shida yako?" Awadhi aliniuliza.

"Nimepita tu," nilisema.

Lakini sikuondoka. Nilimfuata yule mama mpaka uchochoroni.

"Dada, samahani. Hiyo kilo nyingine iko kwangu."

Akamshusha mtoto chini.

"Kwako wewe nani?"

"Paskalina, wa Kariakoo. Jumapili tunatangazwa mara ya tatu kanisani."

"Mnatangazwa wewe na nani?"

"Na Filbert."

Nilingoja kofi. Lingenistahili. Hakunipiga.

"Mimi ni Angelina," alisema. "Tulifunga ndoa bomani, Songea, mwaka sabini na nne. Watoto watatu. Na hiyo sukari umeila?"

"Nimeila, dada. Nimekaangia vitumbua, nimeuza. Sikujua."

"Ulijua mtu mmoja hapati kilo."

Maneno yaleyale ya Ranjanben. Tangu Januari nilikuwa nasali kila jioni nikimshukuru Mungu kwa mwanaume mwenye huruma, kumbe ninashukuru kwa kilichotolewa midomoni mwa watoto.

Jioni ile nilipanda ngazi.

"Mama Hemlata, nisamehe. Nilikutukana, na ulichosema ndicho."

Ranjanben aliniangalia sana.

"Ana mke?"

"Ana mke."

"Hai Ram!" Akashika mdomo. "Na kanisa limetangaza?"

"Mara mbili."

Akanivutia kiti. Hakuniambia, si nilikuambia.

Jumamosi alasiri Angelina alikuja kama tulivyopatana, akaketi kitandani nyuma ya pazia. Saa kumi Filbert akabisha hodi. Mikono mitupu.

"Wiki hii posho haikutoka, mpenzi. Kazini mambo magumu."

"Pole na safari. Kaa." Nikakaa mbele yake. "Jana nilikwenda kwa balozi wako kufuata barua."

Alikuwa anafungua kamba za viatu. Mikono ikasimama.

"Nani alikutuma?"

"Niliogopa usije ukasombwa. Nimesikia umeandikwa watu watano."

Akavua kiatu kimoja, halafu akacheka. Alicheka vizuri kabisa.

"Aa, Paskalina! Umenitisha bure. Yule ni mama wa kwetu tu. Msako ulipoanza nikamwonea huruma, mwanamke hana kazi, hana mume, si watamsomba? Nikamwandikisha mke. Ni karatasi tu. Mjini hapa nani hajafanya hivyo?"

Na kweli waliofanya hivyo walikuwepo, nawajua. Kama nisingemwona Angelina kwa macho yangu, ningemkaribisha chai yakaisha.

"Na watoto?"

"Wake. Alikuja nao."

"Wote watatu?"

"Wote. Naapa kwa Mama Maria."

Pazia likasogea.

"Josepha nilikuja naye, Filbert?" Angelina aliuliza. "Nilikuja naye kutoka wapi?"

Filbert alisimama, akakaa, akasimama tena.

"Mama Josepha... umefuata nini huku?"

"Nimefuata kilo yangu, nikakuta nimepoteza na baba wa watoto."

Nilidhani atapiga magoti kwa mkewe. Wapi! Alinigeukia mimi, akanishika mkono, yule mama amesimama palepale.

"Paskalina, nisikilize. Bomani si kanisani. Kwa Padri mimi sijaoa, cheti umekiona. Imebaki kesho tu. Kesho ikipita bila mtu kusema, hakuna wa kututenganisha."

"Unasema hayo mbele yake?"

"Nakupenda wewe. Sikuombi uongo, nakuomba unyamaze. Misa moja tu, unyamaze."

Nitasema kweli: nilimpenda. Mkono wake ulikuwa wa moto juu ya wangu, na kitanda changu kilikuwa cha mtu mmoja miaka minne. Ningekaa kimya saa moja na nusu ya misa, ningekuwa mke wa mtu.

Nikamtazama Angelina. Hakulia, hakunisihi. Alikuwa ananitazama tu, kama alivyolitazama lile daftari, akishuka mstari kwa mstari.

"Paskalina," Filbert alisema, "utanyamaza?"

Niliuchomoa mkono wangu. Nikavaa kandambili, nikajitanda khanga kichwani. Padri huwa anaungamisha Jumamosi mpaka saa kumi na mbili. Filbert aliniita jina, akaniita tena kwa sauti ile ya besi. Nikawaacha mume na mke chumbani kwangu, nikatoka kwenda parokiani kulifuta tangazo la tatu.