Tairi Lililoisha Upande wa Ndani

Kila asubuhi Mama Mikate alipakia mikate kwenye pikapu, akaisambaza madukani. Lakini wiki hii hakuendesha. Mumewe, seremala, alikuwa ameshika usukani mwenyewe.

"Matairi ya mbele yamekwisha kabla ya wakati wake," mume alisema. "Unagonga kingo za barabara, mke wangu. Pumzika kwanza."

Maneno hayo yalimchoma. Aliipenda kazi ile, na alijua haendeshi ovyo. Lakini hakununa. Alichuchumaa kando ya gari, akapitisha kiganja juu ya tairi. Upande wa nje ulikuwa bado na mistari mizuri. Upande wa ndani ulikuwa na upara.

"Kama nagonga kingo, mbona upande wa nje ni mzima?" alijiuliza.

Swali hilo lilimkosesha raha. Jioni akamwita jirani yao, fundi wa magari. Fundi alitazama, akaguna.

"Shemeji, gari hili liliwahi kuingia shimoni?"

"Ndiyo. Tokea siku ile usukani ulikaa upande, hata gari likienda moja kwa moja. Lakini mwenzangu aliunyoosha."

"Niliufungua, nikaurudisha ukiwa sawa," seremala alisema, kichwa kimemvimba kidogo. "Mimi siwezi kuvumilia kitu kilichopinda."

Fundi alicheka mpaka akashika kiuno. "Ndugu yangu, mlango ukipinda, unanyoosha kitasa?"

Seremala akakuna kichwa.

Fundi aliomba uzi wa useremala. Wakaukaza kila upande wa gari, sambamba na ubavu wake. Mama Mikate mwenyewe akapima kutoka kwenye uzi hadi kwenye gurudumu.

"Ukingo wa mbele uko karibu na uzi," alisema. "Wa nyuma uko mbali. Kwa nini?"

"Kwa sababu magurudumu yanatazama nje, kila moja na njia yake. Gari linayakokota kwenda mbele, nayo yanasuguka upande wa ndani."

"Tuyanyooshe kwa uzi huu huu?" seremala aliuliza.

"Hapana. Uzi umetuonyesha ugonjwa tu. Nendeni gereji yenye mashine ya alaimenti, ile ya kupima na kunyoosha magurudumu. Kwanza wakague vyuma vya usukani, maana kikilegea kimoja, vipimo havikai. Wapime na upepo wa matairi. Na haya yenye upara yatoke, yasije yakapasuka njiani. Siku nyingine gari likivuta upande, au usukani ukikaa upande, msingoje."

Kesho yake, gereji walikuta chuma kimoja kimepinda. Wakakibadilisha, wakafunga matairi mapya, wakanyoosha magurudumu.

"Nilikulaumu bure," seremala alisema wakiwa bado gereji. "Nisamehe."

"Nimekusamehe. Sasa hamia upande wa pili."

Miezi imepita. Mama Mikate bado hupapasa matairi kabla ya safari, na mistari inaisha sawasawa, ndani na nje. Mumewe asipokuwa na kazi humsindikiza. Wakishatoka tu mtaani, hulala fofofo kando ya dereva wake.